Piano na Miguu Isiyo na Kazi

Ugomvi wangu na piano ya Bukoba ulianzia mkutanoni, kama mambo mengi ya miaka ile. Nilikuwa mwalimu mgeni wa sekondari, nimetoka Chuo Kikuu juzijuzi, na nilikuwa na ugonjwa wa wahitimu wa wakati wangu: nikikaa mkutanoni kwa muda bila kusema neno, nilihisi nchi inarudi nyuma.

Ilikuwa kamati ya sikukuu ya Uhuru. Mkoa ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, na tulikutana katika ukumbi mmoja karibu na ziwa, ambao zamani ulikuwa klabu ya maofisa wa Kizungu na sasa ulikuwa mali ya wananchi. Viti vya kusukwa vilikuwa vimeondoka na wenyewe, nasi tulikalia mabenchi. Kilichobaki cha enzi ile ni piano, iliyosimama kwenye kona chini ya turubai la kufunikia kahawa.

Mwenyekiti wetu, mzee mpole mwenye tumbo la heshima, alieleza kwamba kitu kile kinakula nafasi, hakina anayekitumia, na mbao zake ni nzuri. Seremala alikuwa amekwisha kukitazama. Angepata madawati ya watoto wa darasa la kwanza, na meza ya ofisi kama mbao zingebaki.

Nilisimama. Nilisema kwamba mkoloni hakuwa piano. Mkoloni alikuwa mkoloni. Nilisema ala ya muziki ni nyenzo, na swali la msingi kuhusu nyenzo yoyote ni nani anaimiliki na anaitumia kwa faida ya tabaka lipi. Niliongeza mengine ambayo kwa bahati nzuri nimeyasahau.

"Ndugu Mwalimu," mwenyekiti akasema nilipopumua, "nimekuelewa nusu, na hiyo nusu nimeipenda. Wewe mwenyewe unajua kuipiga?"

"Najua, Ndugu Mwenyekiti."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Basi siku ya sikukuu utaipiga, na kwaya ya akina mama itaimba. Wananchi wakiona ina faida, itabaki. Wakiona haina, Jumatatu yake seremala analeta msumeno. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Hata mimi, niliyekuwa mtu pekee aliyesimama, sikupinga.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijawahi kupiga mbele za watu hata mara moja katika maisha yangu. Nilikuwa nimepiga nyuma yao. Nilijifunza kinanda utotoni katika parokia yetu upande wa Muleba, kwa mtawa mmoja aliyeamini kwamba muziki mzuri huanzia kwenye mgongo ulionyooka. Kinanda kile kilikuwa mnyama wa upepo. Chini kilikuwa na makanyagio mawili, na mpigaji aliyakanyaga kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama anayepanda kilima kisicho na kilele. Miguu ikisimama, upepo unakwisha na wimbo unakufa. Kilikuwa kimewekwa nyuma kabisa ya kanisa, kikitazama ukuta, na kati yangu na waumini walisimama wanakwaya wenye mabega mapana ya watu wa jembe. Nilipiga misa, ndoa na maziko, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuona uso wangu nikipiga. Mimi nilijua ufa wa ukuta ule kuliko nilivyomjua padre.

Chuo Kikuu, usiku wa kuagana, wenzangu walinisukuma kwenye piano ya bwalo. Niligeuka, nikaona nyuso zimejipanga kunitazama, na mikono ikaniganda. Nilisema jino linaniuma, ingawa hakuna aliyekuwa ameniomba nipige kwa meno.

Kwa hiyo nilipofunua lile turubai kesho yake, nilijua ninachokitafuta. Sikutaka kuwa mpiga piano mkubwa. Nilitaka kupiga nyimbo tatu mchana kweupe, macho ya watu yakinitazama, na piano ibaki nzima. Nilijiapiza hivyo kwa sauti, ukumbi ukiwa mtupu. Ndani ya piano sisimizi walikuwa wamefanya makazi kwa mpangilio ambao hata maofisa wetu wa vijiji wangeuonea wivu. Vibao kadhaa vilikuwa bubu. Kimoja cha chini kilibonyea, kikakataa kurudi mpaka ukivute kwa ukucha.

Haya yote yalivumilika. Kilichonishinda ni miguu. Piano haina upepo. Ukigonga, nyundo inapiga waya, sauti inatoka, basi. Miguu haina kazi isipokuwa kugusa kanyagio la kulia mara mojamoja, sauti zikae kidogo kabla ya kufa. Mimi nilikuwa na miguu iliyofundishwa na kanisa. Kila nilipoanza kupiga, yenyewe ilianza kupanda kilima chake, kushoto kulia, na kanyagio lile likapanda na kushuka bila adabu, sauti zikavimba, zikachanganyika, zikatokota kama uji. Na nilipokuwa na hofu ilikuwa mbaya zaidi. Hofu yangu hukaa magotini. Kwenye kinanda cha Muleba ilikuwa msaada: kadiri nilivyotetemeka ndivyo upepo ulivyojaa, na sikukuu kubwa niliogopa sana na nikasifiwa kwa sauti kubwa. Kwenye piano, kutetemeka kule hakukuwa na pa kwenda.

Kwaya ilipokuja kwa mazoezi ya kwanza, yote mawili, miguu na woga wa macho, yalidhihirika. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa Bilele, mshonaji, Mwislamu wa ukoo wa zamani hapo mjini, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Walisimama mbele yangu, wakanitazama, nikapiga. Au niseme nilijaribu.

"Mwalimu," akasema tulipokwama mara ya pili, "unaendesha baiskeli huko chini?"

"Samahani, mama. Mazoea ya kinanda."

"Maana sisi tunaimba kilimo, wewe unaenda safari."

Walicheka, nami nikacheka, kisha tukaanza tena, na nikaganda. Nyuso zile, zote njema, zilinisubiri, na vidole vyangu havikukumbuka hata mahali pa kukaa. Yule mama alikuja karibu, akainama kama anayetazama vibao.

"Mwalimu, sisi nyimbo tunazijua," akasema taratibu. "Wewe ndiye unayetokwa jasho kama mpishi wa harusi. Ukipenda tutaimba bila hiyo mashine."

"Mkiimba bila yake, mama, itapasuliwa mbao."

"Basi jikaze," akasema. "Usitupasue na sisi."

Nilijikaza kwa njia ya kisomi. Nilikwenda kwa mwenyekiti, nikamwomba kwamba siku ya sikukuu watu waamriwe kukaa kimya tangu sauti ya kwanza hadi ya mwisho: mtu asikohoe, asiinuke, asiongee na jirani yake. Nilimweleza kwamba piano duniani kote husikilizwa hivyo. Nilikuwa nimesadiki kwamba kinachonitisha ni vurugu ya watu, na kwamba wakinyamaza watakuwa kama ukuta wangu wa zamani. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kusaidia. Aliahidi kuweka mgambo wawili mlangoni, wenye virungu.

Mwisho wa juma nilipanda basi kwenda nyumbani Muleba, nikisingizia kwamba ninakwenda kumsalimia shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyenilea. Kwa kweli nilikwenda kujiliwaza na kinanda changu. Nilikikuta mahali pake, nikaketi, nikapanda kilima, na muziki ukatoka bila taabu yoyote. Nilijiona fundi mpaka nilipowaza kwamba Bukoba hawakuniomba nipige kinanda, wala kuupigia ufa.

"Nani huyo anapigia ukuta?"

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya kanisa na ufagio mkononi. Ilikuwa zamu yake ya kufagia.

"Ni mimi, Shangazi."

"Kwani sijui kuwa ni wewe? Nauliza huo ukuta umekufanyia wema gani, watu wote tukapewa kisogo."

Nilimweleza yote: mkutano, piano, msumeno, kwaya, kuganda. Alisikiliza akiwa ameegemea ufagio, na nilipofika penye kuganda alicheka hadi akakaa kwenye benchi.

"Mwana wange, umesoma mpaka vitabu vikaomba kupumzika, halafu unaogopa macho? Macho yana meno?"

"Wakinyamaza wananitazama tu, Shangazi. Kimya kile ndicho kinachoniua."

"Na siku yenyewe watanyamaza?"

"Watanyamaza. Nimeomba waamriwe. Kutakuwa na mgambo."

Alinitazama, akitafuta ndani yangu ile shule iliyokula kahawa ya baba yangu msimu baada ya msimu.

"Hapa kwetu," akasema, "watu hukaa kimya hivyo siku moja tu. Na siku hiyo mwenye shughuli huwa amelazwa katikati ya nyumba, hasikii. Wewe unataka wakukalie kilio ukiwa mzima?"

Hakunipa ushauri zaidi; alinipa ufagio nimalizie upande wa wanaume. Lakini alasiri tulikwenda kwa jirani aliyekuwa anaoza binti, na huko alikuwapo mpiga enanga. Enanga ni zeze letu la ubao uliochimbwa kama hori, na uzi mmoja mrefu unaopitishwa juu yake huku na huko. Nilikuwa nimeisikia tangu nazaliwa na sijawahi kuitazama kama mtu mwenye shida.

Yule bwana hakuanza kwa kupiga. Alikaa mbele ya watu, akakubali punje za kahawa za kutafuna, akazitafuna bila haraka. Akasalimia wazee, wakaitikia. Akataja yeye ni mtoto wa nani, na mtu mmoja akapinga kwa utani kwamba babu yake alikuwa mvivu, naye akajibu kwamba ndiyo maana ukoo wao wanafanya kazi ya kukaa. Watu wakacheka. Vidole vyake vilikuwa tayari vimeanza kugusa uzi, na sikuweza kusema mazungumzo yaliishia wapi na wimbo ukaanzia wapi. Kila alipomaliza mstari, watu waliitikia, wakamhimiza, wakamsahihisha, na mama mmoja alimwambia hapo aliharakisha, arudie. Alirudia. Hakuna aliyemtazama kwa kimya hata kwa muda wa pumzi moja. Alikuwa anafanya kazi pamoja nao, na wao walijua sehemu yao.

Nilirudi Bukoba na basi la asubuhi, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba mgambo waondolewe."

"Watu wataongea, Ndugu Mwalimu."

"Waongee."

"Na huko duniani kote?"

"Duniani kote watatusamehe."

Kisha nilifungua madirisha ya ukumbi. Yalikuwa hayajafunguliwa tangu Wazungu waondoke, na moja nililifungua kwa bega. Ukumbi ulikuwa njiani kuelekea gatini, na siku za meli ya Mwanza watu walipita wengi na walikuwa na muda. Niligeuza piano, kwa msaada wa wanakwaya, ili anayepiga awatazame walioko dirishani. Kila jioni baada ya darasa la mwisho niliketi, nikasalimia dirisha, nikangoja linijibu, nikapiga.

Siku ya kwanza sauti yangu ya kusalimia ilikatika katikati. Siku zilizofuata nilikwama, nikatokwa jasho, nikaanza upya, nikakwama. Sikuondoka. Nilikuwa nimejiwekea sheria kwamba ninaruhusiwa kuogopa kiasi chochote, lakini siruhusiwi kuinuka kitini kabla nyimbo zote hazijafika mwisho, hata zikifika zikichechemea. Dirisha nalo halikunionea huruma. Wapagazi waliweka mizigo chini, wakatoa maoni.

"Hii inasaga unga saa ngapi?"

"Nyamaza, mwalimu anatafuta kitu humo ndani. Akikipata atatuambia."

Mzee mmoja wa kanzu, aliyekuwa akitoka msikitini na kupita pale kila jioni, alinitazama kwa makini siku kadhaa. Hatimaye akauliza, "Mwalimu, hicho kidole cha mwisho mbona hukitumii? Umekiweka kwa ajili ya sikukuu?" Nilimjibu kwamba ndicho kinachosimamia wenzake. "Kama wewe shuleni," akasema, akaenda zake, na nikagundua kwamba nilikuwa nimemjibu huku ninapiga, bila kukosea.

Miguu ilibaki. Kuhusu miguu nilikata shauri la kikatili: nilikunja kila mmoja nyuma ya mguu wa stuli niliyokalia na kuubana hapo kama mbuzi kwenye kigingi. Sauti ilitoka kavu, bila ule utamu wa kanyagio, lakini ilitoka safi. Mama wa Bilele alisema sasa anasikia nyimbo, si mchuzi.

Sikukuu ilifika katika msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Mvua ya asubuhi ilipiga mabati, ikakatika, na watu wakamiminika kutoka Bilele, kutoka Kibeta na mashamba ya huko juu, wengine na senene wa kukaanga kwenye majani ya mgomba, wakitafuna. Shangazi alikuja kwa basi, akakaa mbele kabisa. Hotuba zilikuwa na urefu wa hotuba. Kisha mwenyekiti akaeleza shauri lenyewe bila kuficha: hapa kuna piano, hapa kuna mwalimu, huku kuna watoto wanaokaa sakafuni, sikilizeni, mwisho mtasema.

Ni kweli kwamba kulikuwa na watoto wanaokaa sakafuni. Aliposema hivyo niliwaza kama nina haki ya kushindana nao. Bado sijapata jibu lisilo na aibu. Nilichojiambia wakati ule ni kwamba madawati yanaweza kutengenezwa kwa miti, na piano haioti.

Nilikwenda kitini. Magoti yalikuwa yameanza kazi yao. Nilibana miguu, nikainua uso, na nyuso zote zilikuwapo, nyingi kuliko za dirishani, na kile kimya cha zamani kilianza kushuka chenyewe, bila mgambo.

"Kasinge waitu," nikawasalimia wazee. Nikawasalimia Waislamu kwa salamu yao, nikawasalimia vijana kwa salamu ya Chama. Waliitikia kwa zamu, ukumbi ukachemka kidogo. Nikasema mimi ni mtoto wa nani, wa kijiji gani, na kwamba shangazi yangu yupo, na kama nikipiga vibaya wamdai yeye, ndiye aliyenilea.

"Mimi nilikulea ulime!" Shangazi akajibu, na watu wakapasuka kwa kicheko, na katika kicheko kile nikaanza.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Mtetemeko uliokosa njia ya miguuni uliingia kwenye stuli, stuli ikaanza kulia, kwii, kwii, na mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, hata kiti kimejua wimbo!" Nilimwambia nacho ni mwanachama wa kwaya, nikaendelea. Katika wimbo wa pili nilipotea kabisa. Kile kibao cha chini kilibonyea kikagoma, nikakitazama, na nilipoinua macho sikujua tuko ubeti gani. Zamani hapo ndipo jino lingeniuma. Sasa niliacha mikono hewani, nikamwangalia mama wa Bilele waziwazi, mbele ya Bukoba nzima, kama mtu anayeuliza njia. Alinyanyua kidole, akaimba mstari mmoja peke yake, akateremsha kidole, nami nikaingia. Watu walipiga makofi wakidhani tumepanga.

Kabla sijaanza wa tatu, yule mzee wa kanzu alisimama.

"Mwalimu, nyimbo hizi nzuri, ni za redio. Hiyo piano Kihaya inakijua?"

Wimbo wangu wa tatu ulikuwa umezoezwa mpaka umechoka. Nilitazama vibao. Nikakumbatia stuli kwa miguu, nikaanza kutafuta wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, ule anaoujua kila mtu wa kwetu kabla ya kujua jina lake mwenyewe. Niligonga vibaya mara kadhaa. "Juu kidogo!" akasema mama mmoja. Nikapanda. "Hapo!" wakasema wengi, na wakaingia wao wenyewe, kwaya na watazamaji, na sikusikia tena piano, wala stuli, wala magoti. Niliendelea kupiga kwa sababu nilijua sehemu yangu.

Mwenyekiti hakuuliza swali lake kwa utaratibu aliokuwa amepanga. Alisimama, akangoja kelele zipungue, zikakataa kupungua.

"Ibaki?" akapaza.

"Ibaki!"

"Na madawati?"

Kukawa na mnong'ono, kisha mtu wa Kibeta akasema ana mti wa mruka wa kupasulia mbao, aliokuwa anausubiri ukauke, mwingine akasema ana wa kwake, na mwenyekiti, asiyeachia ahadi ipoe, akawaita mbele wote wawili wajulikane na wananchi.

Wazee walianza kuja kunipa mkono. Nilijaribu kuinuka. Miguu haikuwa na habari kwamba shauri limekwisha. Ilikuwa imebanwa kwa muda mrefu na ilikuwa bado inatetemeka, na nilipoichomoa nyuma ya stuli haikukubali kubeba chochote. Huwezi kumpokea mzee umeketi. Sikuweza kusimama. Kilichowezekana ni kushuka tu, kwa hiyo nilishuka, nikapiga magoti kwenye mbao za ukumbi, nikampokea wa kwanza hivyo kwa mikono miwili, na wa pili, na wote waliofuata, mpaka mzee wa kanzu.

"Tazama," nikamsikia bibi mmoja akimwambia Shangazi kwa Kihaya. "Amesoma mpaka Chuo Kikuu, na bado anajua kupiga magoti."

"Nilimlea," Shangazi akasema.